Kilio ya Muntu Muzima

Ile soldes ya janvier, wakati bei inashuka, Chaussée d'Ixelles, barabara ya magasin kule kwa bazungu, ilikuwa imejaa bantu paka kukanyagana. Héritier aliingia mu magasin ya sport kukimbia mvua tu. Njo akamuona Précieuse: anorak rouge, nyusi za kuchora, anajaribisha viatu ya meno ya chuma.

— Dada, na ile viatu unaenda kupigana na nani?

— Na barafu. Ninapandaka ku maporomoko ya mayi yenye iligandaka, kule milima ya Alpes.

— Barafu, bantu banawekaka mu verre!

Précieuse akacheka, na ile kicheko njo ilimumaliza.

Ile hiver, wakati ya baridi, balitembea pamoja mu theluji ya forêt, karibu na kwabo Précieuse, Auderghem. Précieuse akamupeleka hata ku ski kule Ardennes, Héritier anaanguka kama gunia ya makala.

— Bebe, simama!

— Acha nilale hapa, chérie, nilishazoea.

Lakini kila mara Précieuse akitaja Alpes, roho ya Héritier ilikuwa giza. Siku ya safari, ku arrêt ya bus kule Evere, uoga ikamutoka mu kinywa kama hasira:

— Bon, enda! Ukianguka, usiniite!

Mama we. Kwabo Kivu, neno kama ile hairudiake mu kinywa. Précieuse akapanda mu bus, hakuangalia nyuma.

Kisha mvua, na téléphone kimya. Siku moja Guylain, kaka yake Précieuse, akaita ku téléphone, sauti pole-pole:

— Héritier, uko wapi? Uko na nani? Ikala kwanza. Précieuse, donc… anachoka kidogo. Kuya huku nyumbani.

Sasa, muntu yote wa Bukavu anajua: kifo haitangazwake mu téléphone. Banakuambiaka «anachoka kidogo», unafika, unakuta viti ya kilio inje.

Héritier akavaa veste nyeusi ya papa yake, akakimbia. Kufika Auderghem, akaanguka na magoti mbele ya mulango.

— Précieuse weee! Nimekuua na kinywa yangu!

Voisins bakafungua madirisha. Maman Euphrasie, mama ya Précieuse, akatoka mbio, pagne ku kiuno.

— Weye! Unalilia nani?

— Précieuse, maman…

— Mutoto wangu iko muzima! Muguu njo imevunjika! Unaniitia kifo mu nyumba?

Guylain alitaka tu kumuambia uso kwa uso, Héritier asishituke. Akasikia haya, akamupatia téléphone yenye alikuwa anaongea nayo na dada yake. Précieuse, ku hôpital kule Alpes, alikuwa amesikia yote.

— Bebe, ulinililia?

— Kidogo.

— Kidogo, na voisins bote ku madirisha?

Bakacheka. Kisha Héritier akafuta machozi.

— Unisamehe ile neno, chérie.

— Nilishakusamehe mu bus. Lakini sikia. Muguu ikipona, nitapanda tena. Kule juu njo ninapumuaka. Utaweza kuningojaka?

Héritier akatafuta «ndiyo». Ilikuwa pale ku ulimi, nyepesi. Lakini akajiona na ile veste nyeusi ku mwili.

— Sitaweza. Nitakuwa nakuzika kila hiver.

Kisha akamusikia anavuta kamasi.

— Aksanti kwa kusema kweli. Ubakie salama, bebe.

Précieuse akakata téléphone.

Maman Euphrasie, mwenye alikuwa angali anafoka, akamuangalia sana. Akaenda ku cuisine, akarudia na fufu na samaki ya sambaza, akaweka mbele yake.

— Kula, mutoto. Muntu hatokake ku kilio na njaa.