Kanga ya Kufunikia Injini

Siku Pijo ya marehemu Mzee Mfaume ilipozimika mbele ya soko la Lindi, mji ulipata la kusema mpaka jioni. Wauza samaki walikuwa wanapita na ndoo zao, bajaji zinagombea abiria, na pale katikati ya barabara limejikalia gari jeupe la zamani, pua inafuka mvuke kama sufuria ya mihogo. Kwenye usukani alikaa msichana wa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya machungwa. Alipigiwa honi mbele na nyuma, naye wala hakugeuza shingo.

Leonadi alikuwa anavuka barabara, mkanda wa feni begani, chapati mkononi. Akainama dirishani.

"Limeanza kuchemka wapi?"

"Mnazi Mmoja."

"Na hukusimama?"

"Ningesimama lingewaka tena? We fundi au mpita njia?"

"Fundi."

"Basi maliza chapati yako ufungue boneti, watu wanataka kupita."

Leonadi akacheka. Hapo hapo akawa amekwisha, ila mwenyewe alichelewa kujua.

Wakalisukuma mpaka gereji yake, kibanda cha mabati kilichopakana na pwani. Leonadi alikuwa mtoto wa Rondo, kabatizwa na kulelewa kanisani, mrefu, mpole, na mikono yake ilikuwa hodari kuliko mdomo. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili kikatoka na utando mweupe, akatikisa kichwa.

"Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya silinda hedi imeungua. Ya gari hili hapa Lindi haipo, mpaka niagize Dar."

"Agiza. Ila injini usinibadilishie. Kaka yangu Bashiru anataka niweke ya Toyota, nikamwambia akaiweke kichwani kwake. Pijo yenye injini yake ya kuzaliwa ndiyo maharusi wanayoitaka."

Akaketi juu ya tairi bovu, akamsimulia. Jina lake Moza. Baba yao, Mzee Mfaume, aliacha shamba la mikorosho kule Nyangamara na gari hili. Moza alimwachia Bashiru mikorosho yote, yeye akataka Pijo, awabebee maharusi hapa mjini na ale jasho lake. Wazee walicheka. Mjomba wake akaweka sharti: gari likifika Nyangamara siku ya hitima ya mwaka ya marehemu, kwa injini yake, ni la Moza. Lisipofika linauzwa chuma chakavu, na Moza anarudi nyumbani kuolewa na mwenye duka mmoja wa Tingi aliyekwisha leta posa. Moza alikubali mbele yao wote, na neno la mbele ya wazee hao halikuwa la kurudishwa.

"Kwa hiyo, fundi, umelishika gari na mimi umenishika humo humo."

"Nimewashika wote," Leonadi akasema, kisha akaona haya, akajifanya anatafuta spana.

Jioni ile aliifungua silinda hedi. Kabla ya kuondoka, Moza alitoa kanga mpya kwenye mkoba, akaikunja, akaitandika juu ya silinda zilizobaki wazi.

"Upepo wa pwani usiniingilie humu," alisema. Kanga iliandikwa ULICHOPEWA KITUNZE.

Baada ya hapo simu hazikukauka.

"Haloo, fundi wangu! Mgonjwa kaamkaje?"

"Anakuulizia."

"Mgonjwa au daktari wake?"

"Wote wawili hali zao si nzuri."

"Jamani! Basi naja na supu ya pweza."

"Pijo inakunywa supu?"

"Pijo haina ulimi mrefu kama wewe. Chemsha chai, nakuja."

Akaja, jana na leo na kesho yake, na kila alipokuja kile kibanda kikanukia udi badala ya petroli. Hakuuliza hata siku moja gari litapona lini.

Gasketi ilifika na basi kabla ya masika. Leonadi aliipokea stendi, akaichomeka nyuma ya debe la grisi, akajiambia, kesho. Gari likipona Moza ataondoka nalo, na atarudi gereji kufanya nini? Kumtamkia aliogopa. Yeye Mkristo wa Rondo, yule binti wa Kiislamu mwenye mjomba mkali. Angefukuzwa kabla shikamoo haijaitikiwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, wahenga walisema. Huyu wetu alikohoa mpaka majirani wakasikia, na bado hakusema neno.

Na kanga je? Kanga ilikuwa na harufu ya Moza. Jioni moja aliibeba kwenda nayo nyumbani, usiku mmoja tu, akalala ameikumbatia. Hakuirudisha. Kule gereji alifunika injini kwa gunia tupu la jirani yake muuza chumvi, akaona gunia ni gunia. Mvua zikaanza.

Dada yake Skolastika, aliyekuja kumtembelea kutoka Rondo, aliikuta ile kanga kitandani. Akaifua, akajifunga, akaenda nayo sokoni. Simu ya Leonadi ikalia.

"Leonadi."

Leo hakuitwa fundi wangu. "Naam, Moza."

"Kanga yangu nimeiona sokoni, kiunoni kwa mwanamke anachagua nyanya. Kwa kinywa chake anasema kaitoa chumbani kwako."

"Huyo ni Skola!"

"Jina umelijua haraka."

"Dada yangu, Moza, tumbo moja..."

Simu ikakatwa. Alipiga, haikupokelewa. Siku zikapita, supu hakuna, udi hakuna, na Leonadi naye kwa huzuni yake hakuligusa lile gari.

Skolastika ndiye aliyemfuata Moza mpaka nyumbani alikopanga, akamweleza. Jumanne ya wiki ya hitima Moza akatokea gereji, mvua inanyesha, mtandio wa machungwa umelowa, anatabasamu kwa upande mmoja.

"Ati unalala na kanga yangu?"

Leonadi akatazama chini. "Kweli."

"Na mdomo wa kusema uliuweka wapi?"

"Nilimwogopa mjomba wako."

"Kwani mjomba ndiye ungemuoa?"

Basi maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. "Nakupenda, Moza. Nakupenda tangu siku ya soko. Ijumaa nipeleke Nyangamara, nikawaangukie wazee. Gasketi ipo, leo hii naifunga, tunakwenda na Pijo."

Moza akacheka huku machozi yanamtoka, akamfuta grisi shavuni kwa ncha ya mtandio. Raha aliyoisikia Leonadi dakika ile hakuwahi kuisikia kabla, wala hakuisikia tena baadaye.

Kisha ule mkono ukasimama shavuni.

"Subiri. Kanga ilikuwa kwako. Injini umeifunika na nini?"

Leonadi akafungua boneti. Bati la juu lilikuwa linavuja, na lile gunia limekunywa maji likavimba. Alipoliinua, silinda zote nne zilikuwa nyekundu kwa kutu, na chumvi imeganda pembeni. Akaingiza hendeli ya kuzungushia injini, akavuta. Akamimina dizeli, akasubiri, akavuta tena, akagonga pistoni kwa kipande cha mbao mpaka jasho likamwingia machoni. Hakuna kilichosogea; pistoni zimeganda kwa kutu. Pistoni za injini ile hazikuuzwa Dar wala kokote alikokujua, na hitima ilikuwa Ijumaa.

"Gasketi ilikuja lini?" Moza akauliza taratibu.

"Kabla ya masika."

Moza akakaa kwenye lile tairi lake. "Mimi sikukuuliza gari litapona lini, maana nilikuwa nakusubiri useme. Ungesema, Leonadi, ningekuja hata kama gari ni zima."

"Nitakwenda kwa mjomba. Nitamwambia kosa ni langu."

"Kosa ni lako. Lakini neno nililotoa ni langu."

Jumamosi Bashiru alikuja na lori. Ili Pijo ipande ilibidi mtu ashike usukani na mwingine asukume. Moza alikaa mbele, Leonadi akasukuma kwa bega. Ilipokwisha fungwa minyororo, Moza alitoa ile kanga aliyorudishiwa na Skolastika, akainua boneti, akaitandika vizuri juu ya injini, akafunga. Leonadi alilia mbele ya watu na hakuona haya.

Lori lilipopotea na Moza ndani, akapiga simu.

"Moza, ni mimi."

Akasikia minyororo inagonga bati. "Nakusikia, fundi," akajibu. Lile wangu hakulitia. Simu ikakatika.

Harusi ya Moza kule Tingi ilifanyika baada ya mavuno ya korosho. Skolastika alialikwa, akaenda, akarudi mpaka gereji. Leonadi alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana.

"Bibi harusi kaja na gari gani?" akauliza kutoka huko chini.

"Toyota," Skolastika akasema. "Ya kukodi."