Saa ya Fulgence na Mashimo ya Barabara

Weye unayesoma, unajua moyo wako unapiga mara ngapi wakati umekaa unakunywa chai? Siye pia hatukujua, mpaka siku jirani yetu Fulgence alileta saa yenye mwanga wa kijani.

Fulgence anakaa hapa Shari, mutaa wa Bunia, kiwanja kimoja na siye. Anabeba watu na pikipiki, tangu asubuhi mpaka magaribi. Muke wake, Agathe, anauzisha unga wa muhogo sokoni. Wana binti mumoja, Ketsia. Fulgence anapenda kucheka, na tumbo lake linamutangulia kidogo. Lakini mwezi ule alikuwa anachoka bure. Akiinama kuvua viatu, anapumua kama mutu aliyepanda mulima.

Agathe akamupeleka kituo cha afya. Munganga, mama Suzanne, akamufunga kitambaa cha mashine kwenye mukono. Kitambaa kikajaa hewa. Akatazama. Akapima tena.

"Papa Ketsia, tansio yako iko juu," akasema. "Damu inasukuma mishipa na nguvu nyingi. Tukiacha hivi, siku moja mushipa unaweza kupasuka mu kichwa. Mutu anaanguka. Wengine wanakufa, wengine upande mumoja wa mwili haufanye kazi tena."

Fulgence hakucheka.

"Utakunywa hizi dawa kila siku. Utapunguza chumvi. Na utaanza kutembea."

"Kutembea? Mama, mimi kutwa niko mu barabara!"

"Pikipiki njo inatembea. Weye unakaa tu juu yake."

Kesho yake Fulgence akapita sokoni kwa muuzaji wa saa. Akachagua ile kubwa kuliko zote, nyeusi, yenye kung'aa.

"Hii inahesabu hatua, inapima moyo, usingizi, tansio," muuzaji akasema. "Inapima hata hasira."

"Basi muke wangu njo ataivaa," Fulgence akajibu. Lakini aliivaa mwenyewe.

Magaribi tukakusanyika kuiangalia. Akaigeuza. Chini yake kulikuwa na taa mbili ndogo za kijani, kama macho ya paka. Akaivalisha kila mutu. Ilipofika kwangu, mimi muzee wanayemuita Koko, nikatazama namba zikipanda na kushuka kwenye kioo. Huu moyo ulianza kazi nikiwa ndani ya tumbo la mama. Nimelala, haukulala. Nimekimbia vita, ukakimbia pamoja na mimi. Na sasa, uzee wote huu, ninaona kazi yake kwa mara ya kwanza. Hata watoto wakasogea karibu kuangalia.

Tangu siku ile, kila magaribi saa ililia. Maua yakafunguka kwenye kioo, na neno "Bravo". Hatua zaidi ya elfu kumi! Fulgence akatuonyesha mumoja kwa mumoja.

Siku moja Agathe akaomba kuivaa. Akabeba beseni ya unga juu ya kichwa, mukono umeishika, akaenda sokoni kwa miguu, akarudi kwa miguu. Saa ikamuhesabia hatua kidogo sana, hata ua moja halikutokea.

"Mama Ketsia, kumbe weye ni muvivu!" Fulgence akamucheka. "Saa haidanganye."

"Miguu yangu njo inajua," Agathe akajibu, akaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Mwisho wa mwezi wakarudi kwa mama Suzanne. Akapima. Uso wake ukabadilika.

"Imepanda zaidi. Papa Ketsia, dawa unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa. Kisha saa ikaandika tansio ni muzuri. Nikaacha."

"Uliacha dawa sababu ya saa?" Mama Suzanne akaweka mashine chini. "Na kutembea?"

"Zaidi ya elfu kumi kila siku, mama! Angalia."

Mama Suzanne akaangalia saa, kisha akaangalia pikipiki kule inje. Akasimama.

"Twende. Panda pikipiki yako. Fika kwa ile kona, rudi. Usikanyage chini."

Fulgence akaenda akirukaruka mu mashimo, akarudi. Wakasoma kioo pamoja. Namba ilikuwa imepanda, na yeye hakutembea hata hatua moja.

Agathe akapiga makofi. "Ee Mungu! Inahesabu mashimo! Basi barabara ya Bunia njo inafanya mazoezi, si bwana yangu!"

Wagonjwa wote kwenye benchi wakacheka. Fulgence naye akataka kucheka, akashindwa.

Agathe akaeleza pia siku yeye alivaa saa na beseni kichwani. Mama Suzanne akamukalisha Fulgence.

"Sikiliza, papa. Mu saa kuko kipande kidogo sana kinachosikia mutikisiko. Mukono ukitikisika, inafikiri ni hatua. Shimo linatikisa mukono wako. Mama Ketsia ameshika beseni, mukono umetulia, hatua zake zinapotea. Hata saa ya bei kali inaweza kukosea hivyo."

"Na zile taa?"

"Mwanga unaingia kidogo mu ngozi. Damu ikipita, mwanga unarudi tofauti, saa inahesabu. Mapigo ya moyo, inaweza kukadiria. Tansio, usiiamini. Tansio ni kitambaa cha mukono, hapa kwetu. Na dawa, usiache bila kutuuliza."

"Basi niitupe?"

"Kwanza jiulize unataka ikusaidie nini. Weye unaanza. Unahitaji ya kuhesabu hatua, muda na moyo, basi. Umeme wake ukae siku nyingi, maana hapa kwetu stima inapotea. Telefone yako ni ya vibatani? Chagua inayofanya kazi bila telefone kubwa. Iwe na kibatani cha kufungua hesabu ya mwendo ukianza kutembea, na kuifunga ukimaliza. Kabla ya kuichukua, isome kwenye jua. Tembea kidogo huku unahesabu kwa kinywa chako, muone, weye na saa, kama munakubaliana."

Sokoni, muuzaji akakubali kubadilisha saa. Fulgence akatoka naye mu jua, akatembea akihesabu kwa sauti mpaka wateja wakasimama kumushangaa. Akachagua saa nyembamba, isiyo na maua, lakini namba zake ni kubwa.

Asubuhi, kukiwa kumeangaza, akaacha pikipiki ndani. Agathe akafunga kitenge, akatoka pamoja naye. Siku ya kwanza hawakufika mbali. Mama Suzanne aliwaambia watembee mwendo ambao mutu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Kifua kikiuma au kichwa kikizunguka, wasimame na kwenda kituo mara moja. Juma kwa juma wakaongeza kidogo. Namba saa ilizohesabu juu ya pikipiki, Fulgence hakuzisoma tena. Alisoma tu zile za mwendo aliofungua mwenyewe.

Akashangaa kuona kitu kingine. Njia ileile, kilima kilekile, na moyo wake ulipanda kidogo kuliko mwanzo. "Unajifunza," akaniambia kwa sauti ndogo, kidole juu ya mushipa wa mukono. "Koko, moyo unajifunza kama mutoto wa shule!"

Walipopima tena, tansio ilikuwa imeshuka. Mama Suzanne akafurahi, akamwambia aendelee na dawa na miguu.

Wakarudi nyumbani kwa miguu. Mu njia Agathe akamuuliza:

"Papa Ketsia, ile saa ya kwanza. Weye mwenyewe ulijua haukutembea. Sababu gani uliiamini?"

Fulgence akasimama.

"Nilikuwa naogopa, Agathe. Kila usiku nilikuwa naogopa, sikusema. Saa iliniambia 'Bravo', nikaiamini, lakini nilikuwa nataka weye unishike mukono, uniambie tutazeeka siye wawili."