Zamu ya Nzabandora

Jua lilikuwa linazama kijijini Kibabi, Callixte aliposhuka bondeni, jembe begani. Angekuuliza mtu, ungesema anakwenda kumwagilia maharagwe. Kweli kabisa. Ila zamu haikuwa yake.

Kiangazi kile mfereji ulibaki mwembamba kama mkia wa panya. Matete yaliwazuia watu kuonana, kwa hiyo Mama Valérie, mlinzi wa maji kule juu, alikuwa akiita jina. Mwenye zamu akijibu, "Nimepokea," ndipo mlinzi anamfungulia maji. Usipojibu, zamu imepotea.

Nzabandora, jirani yake, alikuwa amesafiri Bweremana, kule ziwani, wiki nzima. Na Callixte aliwahi kuiga sauti ya padri harusini mpaka padri mwenyewe akaitikia amina. Jirani angemshinda? Jioni tatu alijibu kwa koo la Nzabandora, akageuzia maji kwake. Aliona haya, lakini watoto watano hawali haya. Walikuwa na maharagwe yale tu, nayo yalishaanza kujikunja.

Jioni ya nne.

"Nzabandora!"

Callixte akasafisha koo. Kabla hajafungua mdomo...

"Nimepokea."

Sauti ilitoka ndani ya matete.

Maji yakaja. Yakafika kwenye tundu alilochimba kuyageuzia kwake, yakalipita, kama mtu anayeruka shimo. Hewa ikanuka ziwa. Ziwa, huku milimani!

Akapenya kwenye matete kuomba msamaha. Hapakuwa na mtu. Udongo tu, unakunywa, unakunywa.

Nyuma yake Euphrasie, mke wa Nzabandora, alikuwa amesimama bila viatu.

"Papa Callixte," akanong'ona, "umemuona bwana yangu? Juzi balileta habari, pirogi yake ilizama mu ziwa, njo alikufa, siku ine sasa. Nikakatala kulia. Nilikuwa namusikia kila mangaribi anapokea maji."

Hakuna aliyemlilia. Hakuna aliyemwombea.

Callixte alitaka kumwambia ukweli. Akashusha jembe chini kwanza.

"Callixte!" Mama Valérie aliita kutoka juu. Sasa ilikuwa zamu yake ya haki, na maharagwe yasingeiona zamu nyingine.

"Nimepokea!"

Euphrasie alishika mdomo. Sauti ile haikuwa ya Callixte.

"Papa Nzabandora, weye umeshapata," Mama Valérie alisema. "Naita Callixte."

Callixte akajaribu tena. Akalia, akapiga kelele. Kila neno lilitoka kwa koo la marehemu.

Ndipo kutoka kwenye matete, taratibu, kwa sauti ambayo mama yake Callixte angeapa ni ya mwanawe, mtu akajibu:

"Nimepokea."

Maji yakageuka, yakaingia shambani kwa Nzabandora.