Tundu la Kiwiko cha Kushoto

Namba ya Natércia ilikuwa C-47, na kioo cha namba ukutani kilikuwa kimegoma kwenye C-31 kwa nusu saa nzima. Ofisi ya ajira ilijaa pomoni. Miavuli inachuruzika, mtoto analia, harufu ya sufu iliyolowa imechanganyika na kahawa ya mashine. Wote waliitwa kwa barua moja, na barua ilisema jambo moja: hudhuria kozi, la sivyo fao lako la kukosa ajira linakatwa.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, nywele kazibana kwa kitambaa chekundu, na gauni la kijivu alilojishonea mwenyewe likimkaa vizuri kuliko yale ya madukani. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu aliyevaa koti la sufu la kahawia. Kwenye kiwiko cha kushoto cha lile koti palikuwa na tundu la kupita kidole gumba.

Natércia alijaribu kutazama kwingine. Akashindwa. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kiwandani kwenye dirisha la kaskazini, kitambaa kikitoka kwenye mitambo anakipitisha vidoleni, akikuta tundu au uzi uliokatika analiziba kwa sindano, uzi mmoja mmoja, mpaka mwenye kitambaa mwenyewe asijue palikuwa na nini. Kiwanda kilifungwa. Vidole havikufungwa.

"Bwana," alisema, "hilo koti limekukosea nini?"

Mwanamume akageuka. "Unasemaje, mama?"

"Mama yako nani? Nimekuzaa mimi? Nasema hicho kiwiko. Kitambaa kama hicho siku hizi hakifumwi tena, na wewe umekitelekeza."

"Kilinaswa na mlango wa gari."

"Basi si ungefungua mlango?"

Akacheka. Kicheko chake kilianza machoni kabla ya kufika mdomoni, na Natércia aliliona hilo hata kama hakutaka kuliona. "Dada, kama kwa tundu moja unawaka hivi, mumeo anaponaje?"

"Alishapona. Aliondoka miaka tisa iliyopita, na nasikia hajaugua tena. Vua."

"Hapa?"

"Koti tu, usijipendekeze."

Alivua. Wakati huohuo kioo kikaamka, kikaruka namba kumi na tano kwa mkupuo, kikaita C-47. Natércia akaenda dirishani na koti la watu mkononi.

"Dada! Koti langu!"

"Utalipata kwenye kozi! Si sote tunaswagwa zizi moja? Jina lako nani?"

"Valdemar."

Valdemar alifungua kinywa aongeze neno. Kisha akakifunga.

Jumatatu saa tatu watu kumi na sita walikusanyika kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la mikate. Natércia aliketi na Otília, mwenzake wa kiwandani, mwanamke mnene asiyeweza kunong'ona. Mlango ukafunguliwa, akaingia Valdemar, shati limepigwa pasi, kwapani faili la majina alilolifuata ofisini siku ile.

"Habari za asubuhi. Mimi ndiye mkufunzi wenu."

Natércia akamrushia koti. "Ungeniambia, Bwana."

"Ningekuambia ungenirudishia koti." Akageuza mkono wa kushoto, akakitafuta kiwiko, akaupeleka dirishani kwenye mwanga. Akatafuta tena. "Tundu liko wapi?"

"Mwulize mlango wa gari," alisema Otília, na darasa zima likaangua kicheko.

Kozi iliitwa Mbinu za Kutafuta Kazi. Walifundishwa kuandika wasifu wa kazi. Walifundishwa kupeana mikono: si kwa kulegea, si kwa kubana. Fundi wa mabomba wa miaka sitini alifundishwa kutabasamu. Kwa Natércia hii ilikuwa mara ya nne. Nyumbani alikuwa na vyeti vitatu vya kozi hiyohiyo, vyote vikisema amehitimu.

"Natércia, tutajie sifa zako tatu," alisema Valdemar siku ya pili.

"Napumua, nanyamaza nikitaka, na swali hili nimeshalijibu mara tatu."

"Bado hujanyamaza, kwa hiyo hiyo ya pili siiandiki."

"Basi na mimi nikuulize, Mwalimu. Tangu uanze kufundisha, ni wangapi waliopata kazi kwa sababu ya kozi hii?"

Chini, mtu wa mikate aliburuta sinia.

"Sijui," alisema Valdemar.

"Hujawahi kuuliza?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi."

"Nimekuuliza. Simu unayo."

Jioni ya tatu baada ya hapo simu ya Natércia ililia akiwa anamenya viazi.

"Ni mimi, Valdemar. Nimewapigia wanafunzi wangu wa zamani. Hamsini na wawili wamepokea. Kumi na tisa wana kazi."

"Walizipataje?"

"Kwa shemeji. Kwa jirani. Wanne walienda kuchuma cheri, mwenye shamba akabaki nao."

"Na kwa kozi?"

Akakohoa. "Wawili. Mmoja hakuwa anajua kutuma barua pepe hata moja. Mwingine alifiwa na mkewe, akajifungia ndani miezi minane. Anasema hii kozi ndiyo iliyomfanya avae viatu."

Natércia aliacha kisu. Alikuwa amejiandaa kucheka, kicheko kikagoma. "Hao wawili ni haki yao," alisema polepole. "Hao wapewe. Lakini kwa nini sisi hamsini tuburutwe kwa kutishiwa sahani?"

"Hilo sina jibu lake."

"Angalau umesema. Watatu waliokutangulia walikuwa na jibu la kila kitu."

"Natércia. Umekula?"

"Namenya viazi."

"Viache. Chini ya lifti ya mjini kuna mama anauza pai ya nyama iliyotoswa kwenye mchuzi wa zafarani na siki."

"Unamfundisha mwenyeji chakula cha kwao? Wewe mtu wa Castelo Branco?"

"Njoo unisahihishe basi, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyeliokota. Natércia alikwenda, na midomo kaipaka rangi.

Kuanzia hapo wakawa hawaachani. Hakuna mji Ureno uliong'ang'ania mlima kama ule, ngazi juu ya ngazi, na lifti ya umma kwa waliochoka, nao walizipanda ngazi zote wakibishana. Alimwita "Mwalimu wa Kutabasamu." Yeye alimwita "Mkaguzi wangu." Simu zilikuwa za saa nzima, na robo tatu yake ni utani.

Wiki ya tatu, Jumanne, simu nyingine ikaingia. Kulikuwa na kiwanda kidogo kando ya mto, mitambo ya kufumia mitano tu, na fundi wao wa kuziba dosari, Bi Ludovina, macho yalikuwa yanamwisha. Walitaka mtu wa kumrithi. Majaribio siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa.

Jioni hiyo alimweleza Valdemar mlangoni mwa lifti.

"Kanuni ya kozi ni kukosa siku mbili tu," alisema. "Nikikosa ya tatu, nimefukuzwa, na fao limekwenda. Hapo kiwandani wakiniambia hapana, sina hapa wala pale."

"Nenda."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Una mikono ambayo nusu ya wafumaji wa nchi hii wangeililia. Nenda, laazizi."

"Na daftari la mahudhurio? Usinitilie saini, Valdemar. Jina langu haliandikwi na mkono wa mtu."

"Sikutilii. Daftari niachie mimi."

Akaenda. Siku tatu alikaa dirishani, mto unapiga kelele chini, kitambaa cha bluu nzito kikipita mapajani mwake. Mwanzoni vidole vilisita. Kufikia adhuhuri vilikuwa vimekumbuka kila kitu. Ijumaa, Bi Ludovina alipitisha kiganja juu ya jora zima, akalinusa kama mkate, akasema: "Tarehe moja ya mwezi ujao, saa mbili kamili. Na uje na mkasi wako."

Jumamosi na Jumapili Natércia alimpigia Valdemar ampe habari. Simu ilikuwa imezimwa. Jumatatu asubuhi ikaja barua. *Kwa mujibu wa taarifa iliyoandikwa na mkufunzi, mhusika hakuwepo siku tatu. Fao linasitishwa.*

*Iliyoandikwa na mkufunzi.* Alisoma hapo mara mbili, akapiga simu tena. Safari hii ilipokewa.

"Uliandika?"

"Natércia, nilikuwa kwa dada yangu, simu..."

"Nakuuliza, uliandika kuwa sikuwepo?"

"Niliandika, lakini ngoja nikwambie..."

"Nilikwambia usinitilie saini, sikukwambia unichongee! 'Daftari niachie mimi.' Kumbe! Muda wote naongea na ofisi, nadhani naongea na mtu!"

Akakata. Valdemar alipiga mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja Natércia aliitazama simu ikitetemeka mezani. Hakulia. Alimenya viazi vingi kuliko vya mtu mmoja.

Saa kumi na moja Otília alibisha hodi, akaingia bila kusubiri.

"Una simu ya nini kama hupokei? Tumeletewa mkufunzi mpya, kijana ana gundi kichwani. Soma hii."

Alitoa karatasi, picha ya ukurasa iliyochapwa. Kila siku mkufunzi hupaswa kuandika kwenye daftari la darasa mistari miwili ya kilichofundishwa, mistari ambayo hakuna binadamu anayeisoma. Valdemar alikuwa ameandika ukurasa mzima.

*Mada: kutafuta kazi. Natércia hayupo, yuko kwenye majaribio ya kazi. Leo ni yeye peke yake aliyefuata mada. Kumkatia fao kwa hilo ni aibu, na mimi ninayeandika nitalisema hili popote nitakapoitwa.*

Chini yake zilijipanga saini kumi na tano. Ya Otília ilikuwa kubwa kama ya waziri.

"Walimwita Ijumaa jioni," alisema Otília. "Wakamwambia afute. Akakataa. Basi, mkataba ukaishia hapo."

"Mbona barua..."

"Ofisini walisoma neno moja. 'Hayupo.' Wakaridhika." Otília alimtazama. "Na wewe ukasoma hilohilo."

Natércia alikaa chini taratibu. Kisha akainuka, akachukua kitambaa chake chekundu.

"Mwaka mzima nimefunga mdomo kwenye lile dirisha," alisema. "Kesho nafungua."

Kesho yake kioo kilikuwa kwenye C-9. Katikati ya watu, mgongo kwake, alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la kahawia. Mkononi alishika namba kama mtu aliyeshikishwa kitu kisicho chake.

"Bwana," alisema Natércia, "hilo koti limekukosea nini?"

Mabega yake yalishtuka. Hakugeuka. "Limevaliwa na mtu aliyechongea."

"Limevaliwa na mtu niliyemkosea. Nisamehe, Valdemar. Nilisoma kama ofisi."

Hapo akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na kicheko kikaanzia palepale kinapoanzia siku zote. "Mkaguzi wangu. Umenilia simu kumi na moja."

"Nitazilipa zote. Sasa vua."

"Hapa?"

"Koti tu. Usijipendekeze."

Namba ya Valdemar ilipoitwa, walikwenda wote wawili. Dirishani alikaa Bi Graciete, miwani puani.

"Mfumo unaonyesha hayupo," alisema Bi Graciete.

Natércia akamsogezea karatasi ya Otília. "Soma ukurasa wote, mama. Kwa sauti."

Bi Graciete alianza kwa kunung'unika, lakini sauti ikampanda mwenyewe alivyosoma. Alipofika kwenye "aibu," watu walikuwa wamesogea kusikiliza, na alipofika kwenye saini, fundi wa mabomba wa darasani, aliyekuwa naye kwenye foleni, akapiga kofi moja, kisha makofi yakawa ya watu wote.

Natércia akatandaza koti kwenye kaunta. "Lilikuwa na tundu. Litafute."

Bi Graciete alishika kiwiko cha kulia, cha kushoto, akavua miwani, akamwita jirani yake. Jirani akapekua bitana. "Hakuna tundu," walisema.

"Lilikuwepo. Kozi nne mmenipeleka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza naweza kufanya nini. Mliniuliza kama nimetia saini."

Bi Graciete alilikunja koti kwa heshima kidogo. Akashusha sauti. "Kufuta siwezi. Naweza kupokea rufaa. Majibu siku thelathini."

"Ipokee. Na andika kwamba nilikuja na koti. Siku thelathini nitakuwa na dirisha langu na sindano yangu, lakini hilo fao nitalidai tu."

Muhuri ukashuka. Kisha Bi Graciete akamgeukia Valdemar, akabonyezabonyeza kompyuta, akaona haya. "Bwana Valdemar, na wewe... mfumo umekupangia kozi. Mbinu za Kutafuta Kazi. Jumatatu saa tatu."

"Mimi ndiye niliyeiandika."

"Basi haitakusumbua."

Natércia alicheka mpaka akajishika kaunta. "Nenda," alimwambia. "Ukiulizwa sifa zako tatu, sema unachumbiwa."

Valdemar akamkodolea macho. "Nani ananichumbia?"

"Mimi, Natércia, mbele ya mashahidi hawa wote wenye namba. Nioe."

"Sina kazi, laazizi."

"Nimekuuliza kazi? Hayo ni maswali ya hapa ndani."

"Basi ndiyo," alisema. "Ndiyo, ndiyo." Nyuma yao mtu akapiga mluzi, na kioo kikaita C-14 bila mtu kusogea.

Nje mvua ilikuwa imekatika, vigae vya mapaa vinafuka mvuke. Valdemar alivaa koti lake, akakunja mkono, akajipapasa kiwiko.

"Niambie basi. Lilikuwa wapi?"

Natércia akakamata kidole chake, akakiweka mahali. "Hapa."

"Sihisi kitu."

"Ndiyo kazi yenyewe," alisema. Akapenyeza mkono wake kwenye kiwiko kile cha kushoto, wakaiacha lifti, wakazishuka ngazi.