Maandishi Mgongoni mwa Florentine

Mstari wa kwanza ulitokea mkononi mwa Florentine siku ya Jumanne, alipokuwa akimdanganya jirani yake.

Jirani huyo, Mama Adolphine, alikuja kuchukua gauni la mtoto, maana Florentine alikuwa mshonaji. Akauliza, kama walivyouliza wote:

"Bwana yako iko anaandika?"

"Anaandika, mama. Hata juzi barua ilifika. Anasema kazi iko mingi."

Hapo mkono ukamwasha. Akatazama. Kuanzia kiwikoni mpaka kiganjani mstari mwekundu ulikuwa umevimba, mwembamba, umenyooka kama umechorwa kwa ukucha. Naye hakuwa amejikuna. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika gauni.

Barua haikuwapo. Mumewe Isidore, karani wa pamba, alihamishiwa Albertville mwaka wa 1954, akaahidi kumwita mkewe kabla ya Pasaka. Pasaka hiyo ilipita, na nyingine ikapita. Florentine alibaki mjini Baraka, kando ya ziwa, katika nyumba ya vyumba viwili, hana mtoto, ndugu zake wote wako milimani kule Fizi. Aliona haya kurudi kwao akiwa mke aliyeachwa. Basi kila aliyeuliza alipewa barua mpya.

Tangu siku ile ngozi haikumpa raha. Akisikia hatua za mtu mlangoni, shingo inavimba. Akiwaza usiku ule Isidore yuko wapi, tumbo linajaa madoa kama ameanguka kwenye upupu. Lakini saa mbaya kuliko zote ilikuwa saa saba ya mchana, watu wanapojifungia kukwepa jua na hata kuku wanaacha kuparua. Saa hiyo, nyuma ya ukuta wa chumba chake, kitu kilikuwa kinakwaruza. Kwaru. Kwaru. Polepole, kama mtu asiye na haraka. Florentine akijikuna shingo, nacho kinakuna. Akiacha, kinaacha. Alizunguka nyumba mara tatu. Nyuma hapakuwa na mtu wala mnyama, ila harufu tu, harufu ya sanduku lililofungwa miaka mingi.

Akaenda zahanati. Muuguzi wa pale, Casimir, ambaye watu walimwita muganga, alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, mpole, aliyeishi peke yake katika chumba cha nyuma. Alichukua kifuniko cha kalamu, akakipitisha taratibu kwenye mkono wa Florentine. Kabla hajahesabu mpaka ishirini, mstari ulikuwa umeinuka.

"Ngozi yako inasikia mawazo, mama," alisema. "Kama roho inaogopa, ngozi njo inasema. Usijikune. Weka kitambaa ya maji baridi. Vaa nguo yenye haibane. Ikianza kuwasha, vuta pumzi polepole. Na utafute muntu wa kuongea naye." Akampa chupa ya dawa nyeupe. "Sasa uniambie, unawaza nini?"

"Hapana kitu."

Hajamaliza neno, mstari mpya ukapanda shingoni pake, mbele ya macho ya Casimir. Haukutokea wote kwa pamoja. Ulianza chini ya sikio ukashuka, kama mtu anavyoandika. Casimir akarudi nyuma hatua moja na hakuuliza tena.

Kesho yake, saa saba, Florentine alikaa kwenye kigoda, nguo imeshuka mpaka kiunoni, kitambaa cha maji kikiwa shingoni. Alivuta pumzi kama alivyofundishwa. Mwili ukaanza kupoa. Ukuta ulikuwa kimya, naye akafurahi, akadhani yameisha, mpaka ile harufu ilipomjia, si kutoka nje bali kutoka nyuma ya bega lake, karibu kabisa, na kitu baridi, chembamba kama ncha ya ukucha, kikagusa mgongo wake juu upande wa kushoto, kikashuka, kikapanda, kikazunguka, kikainuka kidogo na kugusa tena pembeni, hakina haraka, hakiumizi, naye akashika kigoda kwa mikono miwili, mpaka kile kitu kilipofika upande wa kulia, kikatua, kisha kikarudi kushoto, chini kidogo, kuanza mstari wa pili.

Kilipoinuka, alikimbia, amejifunga kitenge ovyo, mpaka kwa Bibi Saumu, mama wa Kiislamu wa pale ufukoni aliyejulikana kwa mambo ya majini. Bibi Saumu alifunua mgongo, akaifuata mistari kwa macho.

"Ni maandishi," alinong'ona. "Lakini haiko ya Kiarabu. Hii mi siwezi kusoma. Twende kwa muganga."

Casimir alifunga mlango wa zahanati. Alisogea karibu, akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Mi niko peke yangu. Na we?"

Chupa kwenye rafu zikaanza kugongana polepole, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.

"Anauliza," Bibi Saumu alisema, akitia ubani aliokuja nao kwenye makaa ya jiko la kuchemshia sindano. "Jini wa namna hii anakaa kwa muntu mwenye kufunga roho yake. Mujibu, mutoto wangu. Umujibu kweli, mbele yetu. Akisikia uongo tena, haondoke."

Madoa yalijaa usoni mwa Florentine.

"Bwana yangu aliniacha," alisema. "Haiko barua. Haikukuwa hata moja. Nadanganya batu miaka mbili. Nami niko peke yangu."

Akalia kwa sauti. Harufu ya sanduku ilijaa chumba, ikapita katikati yao kama mtu anayetafuta mlango, ikasimama kidogo, kisha makaa yakazimika yote mara moja. Mgongoni, herufi zilianza kushuka na kufifia, ya mwisho kwanza.

"Ameondoka kwako," alisema Bibi Saumu.

Juma lile Florentine alimwambia Mama Adolphine kweli. Jirani akamshika mkono. "Tulijua, mama. Tuliogopa tu kukusemesha." Ngozi bado ilivimba siku za hofu, lakini sasa aliweka maji, akatulia, akamwita mtu, na ikashuka. Akaamua kurudi Fizi kwa mama yake.

Siku ya safari, lori likipakia, alipita zahanati kuaga. Jua lilikuwa kali, lakini Casimir alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kooni. Alimpa mkono kwa haraka, akaurudisha kwa haraka.

"Funua," Florentine alisema.

"Mama, lori itakuacha."

"Funua, Casimir."

Akafungua kifungo, akakunja mkono wa shati. Kutoka kiwikoni kwenda juu, mistari ya maandishi ilikuwa imepangwa safu kwa safu, mipya juu ya mikuukuu.

"Niliisoma ile maneno yako kwa sauti," alisema kwa unyonge. "Jini alizania ni mi njo namwita."

Nje, lori lilipiga honi. Florentine alikwenda mlangoni. "Muende," alimwambia dereva. "Nitapanda ya siku ingine." Akarudi, akavuta kiti, akakiweka karibu na cha Casimir mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Sasa sema," alimwambia. "Mi nasikia."

Casimir alitazama mkono wake. Kisha akaanza kusema, jina la mama yake likiwa la kwanza.