Saa ya Nyumba ya Farrant

Saa ile ilisikika tangu barabarani. Leith Pascoe alizima injini mbele ya nyumba ya Farrant, akateremsha kioo ili joto la Februari lipate pa kutokea, na kabla hajasikia nzi wala ndege akasikia ko, ko, ko, ikitoka nyuma ya kuta za mawe nene. Saa ya ndani ya nyumba haipaswi kusikika hivyo. Ilikuwa kama mtu anayekuvamia kwa maneno ili usiulize swali.

"Unaisikia hiyo?"

"Nasikia tumbo langu tu," alijibu Margo Tindall. "Ile pai ya kituo cha mafuta ilikuwa imekaa kabatini mwaka mzima."

Margo ndiye alikuwa mtangazaji na mwenye kipindi. Leith alikuwa mpiga kamera wa kukodiwa, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kitanda chake nyuma ya gari. Kwa wiki tatu walikuwa wakizunguka miji ya kale ya machimbo ya dhahabu, upande wa Ballarat, wakipiga picha za posta, jela na hoteli zenye varanda za chuma. Mount Farrant ulikuwa mji wa kumi na moja. Margo hakujua kwamba mwenzake aliisubiri zamu ya mji huu kuliko mingine yote.

Bibi yake Leith, Nan Verna, alizaliwa katika ukoo wa Garrity. Con Garrity, babu yake Nan, alikuwa mmoja wa watu tisa waliofia mgodini mwaka 1894, na ndiye aliyebebeshwa lawama: alilewa, wakasema, na kiko chake kikauwasha moto. Nan Verna aliingia kaburini bila kumwambia jirani hata mmoja jina alilozaliwa nalo. Alichowaachia wajukuu ni namna ya kubisha hodi. Wachimbaji walipotaka kupandishwa juu waligonga mara tatu, na aliyekuwa juu alijibu mara tatu ndipo mashine ivute kamba. Kwa Nan ilikuwa vivyo hivyo mlangoni: ugonge tatu, ujibiwe tatu, ndipo ufunguliwe. Leith alikua hivyo, na vidole vyake vilikuwa vikijibu hata akiwa usingizini. Alitaka kitu kimoja tu duniani, jina la Con lisafishwe, na hakujua lingesafishwaje.

Mlango ulifunguliwa na Mzee Aubrey Farrant, miaka sabini na minane, tai shingoni kwenye joto lile, na pete nzito ya dhahabu kidoleni. Alikuwa wa mwisho katika ukoo wake. Aliwatembeza vyumbani kwa fahari, kisha akawasimamisha ukumbini, palipokuwa na saa yenyewe, ndefu kuliko mtu, timazi lake la shaba likibembea nyuma ya kioo.

"Gusa chochote humu, kijana," alimwambia Leith. "Ila saa, hapana. Haijasimama tangu mwaka 1894, na mimi sitakuwa Farrant wa kwanza kuisimamisha."

"Inapiga kelele kweli, mzee."

"Utaizoea. Sisi wote tuliizoea." Akaenda jikoni, mwisho wa nyumba, kuandaa chai.

Kando ya saa kulikuwa na ubao wa maelezo, na maneno ya ubao ndiyo Margo aliyotakiwa kuyasema mbele ya kamera. Alisimama, akaweka nywele sawa, akayasema kwa ile sauti yake ya huzuni ya kazini: kwamba ulevi wa Con Garrity ulileta maafa, na kwamba Bwana Josiah Farrant alipigana siku sita kuwaokoa watu wake, akashindwa huku akilia. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu kamera ya Leith ilimwacha, ikahamia kwenye ubao.

"We Leith, una nini? Unanipiga picha mimi au ubao?"

"Joto tu."

"Basi tuchukue ukimya tuondoke."

Kila chumba walichopigia picha walikirekodi kimya kwa dakika moja, hakuna anayesema, hakuna anayesogea, ili baadaye ukimya ule ushonewe chini ya maneno. Lakini ukumbi huu haukuwa na ukimya hata wa nukta moja. Margo aliitazama saa kwa chuki.

"Hii itatuua kwenye uhariri. Isimamishe."

"Si umemsikia?"

"Mzee yuko jikoni anahangaika na krimu ya skonzi. Dakika moja, Leith! Nakwenda nje, viatu vyangu vinalia."

Mtu mwingine angekataa. Leith aliusoma ubao tena, jina la Con pale kwenye mstari wa kwanza, akafungua kioo, akalishika timazi. Alifanya hivyo nusu kwa kazi na nusu kwa hasira. Watu wa kamera wana desturi yao: ukizima friji ya mwenyeji ili isivume, unaweka funguo za gari lako ndani ya friji, usije ukaondoka umeisahau. Kwa hiyo alitundika funguo zake kwenye timazi, tumboni mwa saa. Kisha akavaa hedifoni na kuiacha kamera ikiendelea.

Ukimya ulioingia haukuwa mtupu. Mabati ya paa yalilia kidogo kwa jua. Halafu, chini ya mbao za sakafu, mbali, mtu aligonga.

Mara tatu.

Vidole vya Leith vilijibu kabla yake. Tatu, juu ya ubavu wa saa.

Alipogundua alichofanya aliupeleka mkono mdomoni, kama mtu aliyetoboa siri. Alijaribu kujiambia ni Margo, ni panya, ni mbao zinazotanuka kwa joto, lakini ndani ya hedifoni kamba ya chuma ilikuwa inakazwa, na mashine ya mvuke, ambayo iliuzwa kama vyuma chakavu kabla baba yake hajazaliwa, ikakohoa mara mbili na kuanza kuvuta. Ikaja harufu ya moshi uliomwagiwa maji, ya mishumaa ya mafuta ya ng'ombe na ya nguo za watu waliokaa mahali pamoja muda mrefu mno, nayo ilipanda kwenye nyufa za sakafu polepole, mpaka kioo cha saa kikaingia ukungu na zulia la ukumbini likaanza kuvimba katikati, taratibu, kama kitu kilicho chini yake kilikuwa kinajifunza kupumua upya.

Jikoni sinia lilianguka. Mzee Aubrey alikuja akikimbia, mkono umeshika ukuta.

"Umeisimamisha!" alinong'ona. "Mtoto wa shetani, umeisimamisha. Na wamegonga?"

"Wamegonga."

"Usiwajibu. Nakusihi, usi..."

"Nimeshawajibu, mzee."

Aubrey alitaka kuifikia saa, lakini zulia lilikuwa kati yake na saa, na hakuthubutu kulikanyaga. "Lisukume. Kidole tu! Litabembea lenyewe. Wakisikia saa, hurudi."

Leith aliweka kidole kwenye timazi. Lilikuwa baridi. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka, ikimtazama mzee.

"Con Garrity alikuwa babu yake bibi yangu," alisema. "Sema kwanza. Nani aliwasha moto?"

"Sasa hivi? Unaniuliza sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mzee alianza kulia kwa hofu tu. "Moto ulianzia kwenye taa mbovu. Tuliambiwa ni mbovu. Garrity hakuwa hata zamu ile, alikuwa kwake anakula. Alishuka kuwatoa wenzake. Siku ya pili babu mkubwa, Josiah, aliamuru shimo lizibwe kwa magogo na udongo, moto ukose hewa, mashine mpya zipone. Nao wakagonga. Siku sita waligonga, na mgodi unapita chini ya nyumba hii. Mkewe hakulala. Ndipo saa ikaagizwa Melbourne, ile yenye kelele kuliko zote dukani. Baba alinieleza siku aliyonipa ufunguo wa saa. Haya, nimesema! Lisukume, mwanangu."

Leith alikuwa amepata alichokitaka. Maneno yalikuwa ndani ya kamera, kila herufi. Kilichobaki kilikuwa kidole kimoja kusogea upana wa ukucha, na hakuna aliyemshika mkono, hilo alilijua siku ile na analijua leo.

"Siku sita," alisema, akaondoa kidole.

Kamba ikasimama. Zulia lilijikunja pembeni, na kutoka pale palipokuwa na sakafu nzima walipanda wale tisa, mmoja mmoja, weusi kwa masizi, wakimpita Leith karibu hivi kwamba alisikia meno yao, na mmoja wao alipofika kwake alimwekea mkono begani, mkono wa moto, akauacha pale muda wa kuvuta pumzi moja, halafu akaenda na wenzake kumzunguka mzee, ambaye alimwita Margo, kisha akamwita Mungu, kisha akamwita mama yake kwa sauti ya mtoto mdogo, mpaka sauti ikawa inatoka chini na si ukumbini tena. Ikagongwa mara mbili, ishara ya kushusha. Saa ikaanza kutembea yenyewe, ko, ko, ko, na funguo za gari zikibembea pamoja na timazi.

Margo aliingia akijipepea kofia. "Umeupata ukimya? Mzee yuko wapi?"

Leith alimwonyesha zulia, lililokuwa limelala tena kama mwanzo. Mezani hapakuwa na chai, na jikoni skonzi zilikuwa bado za moto.

Polisi walitafuta porini na kwenye mashimo ya zamani kwa wiki nzima. Walilitoa zulia na kukuta mbao ngumu na misumari iliyoota kutu, hakuna mlango wala ufa. Kwenye kamera maungamo yote yalikuwepo, na baada ya "mwanangu" kioo chake kiliingia masizi, picha ikawa nyeusi. Kipindi kilipoonyeshwa nchi nzima ilizungumza. Ubao ukang'olewa ukutani. Kwenye jiwe jipya la kumbukumbu Con Garrity aliandikwa wa kwanza, kama mtu aliyeshuka kuwatoa wenzake, na Leith aliweka maua hapo kwa niaba ya Nan Verna, akalia kwa furaha ya kweli bila aibu.

Walipoendelea na safari, ilikuwa katika mji wa kumi na mbili ndipo alipojua kwamba hayajaisha. Walikuwa katika shule ya kale ya mawe, saa nne asubuhi, jua kali dirishani. Margo alitoka nje. Leith akavaa hedifoni, akaanza kurekodi ukimya.

Chini ya sakafu mtu aligonga mara tatu. Ugongaji ule ulikuwa dhaifu, wa mkono mmoja tu, na katika kila pigo kulikuwa na mlio mdogo wa pete ikigusa jiwe.

Vidole vya Leith viliinuka vyenyewe. Alivikamata kwa mkono wa pili, akavishika mpaka dakika ilipokwisha. Mgongaji alingoja kidogo kwa adabu, akarudia. Alirudia pia mji wa kumi na tatu, na usiku chini ya gari, na kwenye chumba cha hospitali alikokwenda kupimwa masikio.

Kazi za kamera zimemwishia. Hakuna anayemkodi mtu asiyekubali kukaa kimya. Ukipita njia ya Ballarat ukaona gari jeupe limeegeshwa pembeni, utalisikia kabla hujalifikia, maana Leith aliingia duka la vitu vya kale akamwomba mwenye duka ampe saa moja tu, ile yenye kelele kuliko zote.