Albamu Iliyotoka Jiweni

Nyanzala aliunguruma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nyuma yake Maduhu alikuwa anazitwanga ngoma kana kwamba zimemtukania mama, na gitaa la Lugwisha lilikuwa linakoroma kama mashine ya kusagia kokoto. Kioo cha studio kilikuwa kinatetemeka. Upande wa pili wa kioo hicho, Bi. Koku wa Mamlaka ya Utulivu alikuwa amekaa kwenye kiti laini, macho ameyafumba, anayumbisha kichwa taratibu kama anayebembeleza mtoto alale.

Wimbo ulipokwisha alijifuta machozi.

"Jamani, nzuri!" alisema. "Imenikumbusha bibi yangu Bukoba, asubuhi, akinikorogea uji."

Maduhu aliviangusha vijiti vyake. "Uji," alisema. "Nimevunjika mgongo siku nane, dada yangu, halafu uji!"

Sasa usimcheke Bi. Koku. Hakuwa kiziwi wala mjinga. Alikuwa na punje, kama watu wote wa Mwanza wa wakati huo. Miaka ya nyuma, anga la jiji lilipojaa vyombo vya mizigo vinavyoruka usiku na mchana, kelele zilizidi mpaka watu wakawa wanaanguka barabarani kwa presha. Wanasayansi wakaunda punje: kitu kidogo kuliko chembe ya mchele, kinachopandikizwa ndani ya sikio, jirani na kiwambo. Kila sauti inayoingia sikioni inapitia kwanza kwenye punje, na punje inauliza akili kuu ya mashine iitwayo Msuluhishi: je, sauti hii itamsumbua huyu mtu? Jibu likiwa ndiyo, sauti inageuzwa kabla hujapepesa jicho. Honi inakuwa mlio wa ndege wa mtini. Ugomvi wa jirani unakuwa mvua kwenye bati. Na kila mtu anapewa lake, kadiri ya moyo wake ulivyo. Presha zilishuka, hilo ni kweli na tusilipinge.

Kwa hiyo bendi ya Radi Kavu haikupigwa marufuku hata siku moja. Pigeni roki nzito mpendavyo! Kila albamu kabla ya kutoka ilisikilizwa na ofisa mmoja wa Mamlaka, naye akaipitisha huku anatabasamu. Hilo ndilo lililomkera Nyanzala kuliko marufuku yoyote. Mtu akikukataza, angalau amekusikia.

"Mimi napitisha," Bi. Koku alisema. "Nyimbo zote tisa. Sijaona tatizo."

"Tatizo lipo," Nyanzala alisema. "Wimbo wa tisa wote ni tatizo."

"Sijalisikia."

"Ndiyo hilo."

Wimbo wa tisa uliitwa "Dakika Kumi na Moja", na huo ndio uliomrudisha Nyanzala studio baada ya miaka miwili ya kukaa kimya. Shija, mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa akipiga gitaa la besi jioni na kufunga nguzo mchana, alifukiwa na udongo kwenye handaki la reli ya chini ya ziwa. Ripoti ilisema alipiga kelele dakika kumi na moja. Ilisema pia kwamba wenzake wanne walikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, na masepeto mikononi, na kwamba hakuna aliyetoa taarifa ya kusikia jambo la kutisha. Mwisho wa ukurasa palikuwa na mstari mmoja: sauti husika ilisuluhishwa. Siku tatu baada ya mazishi Nyanzala alikwenda kliniki akaing'oa punje yake. Maduhu na Lugwisha wakamfuata. Tangu hapo hawakuruhusiwa kupanda treni wala kuajiriwa kokote, na walilala na kuamka na makelele ya dunia yote. Yeye alitaka kitu kimoja tu: watu wasikie zile dakika kama zilivyokuwa. Mara moja ingetosha.

"Unadhani mimi sina moyo," Bi. Koku alisema. "Mama yangu alikufa kwa presha, tena kwa ajili ya kelele za mji huu huu. Akiwa na miaka hamsini na mbili tu! Angekuwa na punje angekuwepo. Usiniambie kelele ni haki ya mtu, dada Nyanzala. Mimi siyo wa kuambiwa hivyo."

Nyanzala alikasirika tu.

"Hebu rudieni huo wa mwisho," Bi. Koku alisema kwa upole, akiinuka. "Nataka nimwone huyu kaka anavyocheza na vijiti."

Wakarudia. Bi. Koku akasogea hadi kwenye kioo na kuegemeza paji la uso ili aone vizuri. Alikaa hivyo kwa muda kama wa kuvuta pumzi tatu. Kisha aliruka nyuma, akaangusha kiti, mkono mdomoni.

"Nani analia?" aliuliza.

Muziki ulikatika. Watu watatu wa Radi Kavu walimtazama. Bi. Koku aliinua kiti, akakiweka vizuri, akakisogeza tena ingawa kilikuwa kimekaa vizuri. "Samahani. Nimechoka leo," alisema, akatia sahihi yake na kuondoka haraka bila kuaga.

Lugwisha ndiye aliyeelewa kwanza. Kabla ya kufukuzwa kazi alikuwa fundi wa kupima majengo kama yatastahimili matetemeko. "Ni mfupa," alisema. "Punje inalinda mlango wa sikio. Ukiegemea kitu kinachotetemeka, sauti inapita kwenye fuvu mpaka ndani kabisa. Haipiti mlangoni. Msuluhishi haioni."

"Kwa hiyo kila shabiki tumpe kioo aegemee?" Maduhu aliuliza. "Wana Mwanza watatuona tumerukwa na akili."

Nyanzala alikuwa ameshafungua dirisha. Nje, kilima cha Igogo kilipanda na majabali yake, nyumba zimekaa juu ya mawe, chini ya mawe na katikati ya mawe, nyingine sakafu yenyewe ni jiwe lililosuguliwa tu.

"Kioo cha nini," alisema, "na mji mzima umekalia jiwe?"

Kazi ilichukua wiki tatu. Lugwisha alikwenda kwa mafundi wenzake wa zamani akaazima vitikisi sita, mashine za chuma zenye uzito wa mfuko wa saruji, zinazofungwa kwenye msingi wa jengo ili kulitikisa na kuona kama litapasuka. Walivipandisha kilimani kwa mabega, wakatoboa jabali na kuvikaza kwa bolti. Kila gitaa, kila ngoma na maikrofoni ya Nyanzala viliunganishwa humo. Maduhu alilalamika njia nzima kwamba mwanamuziki aliyesoma amegeuka punda. Hakukosa hata siku moja.

Tangazo lilikuwa fupi: Radi Kavu inatoa albamu mpya, Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye jabali kubwa la Igogo. Njoo na paji lako la uso.

Watu walicheka, lakini walikuja. Mwanza tunapenda vituko. Walifika kama mia mbili: wauza dagaa, wanafunzi wa chuo, kina mama na mitandio yao, wazee wawili waliodhani ni mahubiri. Nyanzala aliwaambia waegemeze vichwa jiweni, na bendi ikaanza.

Wimbo wa kwanza mtu mmoja alipiga kelele kwa kushtuka, akajing'oa jiweni, akasikia ndege wakiimba, akarudisha kichwa. Wa pili, msichana mmoja alianza kucheka na hakuweza kunyamaza. "Mwili wote unawasha!" alisema. Kufika wimbo wa tano mia mbili walikuwa wamelala kifudifudi juu ya jabali, mikono wameitandaza, na wengine walikuwa bado wanapanda. Wengi hawakuwahi kusikia sauti ya hasira tangu wapandikizwe punje. Baadhi waliipenda papo hapo, na Nyanzala aliwaona na kufurahi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Wimbo wa nane ulikuwa unaisha Bi. Koku alipofika, akihema, na walinzi wawili wa chuma nyuma yake.

"Nina agizo," alisema. "Mnatoa sauti isiyosuluhishwa. Mnatakiwa kusimama sasa hivi."

"Lisome vizuri agizo lako," Nyanzala alisema. "Limeandika sauti ya wapi?"

Bi. Koku alisoma. Alikuwa mtu mkweli, na hilo lilimponza. "Ya hewani," alisema.

"Hewani nimewapa uji wenu. Nyie kunyweni. Hili jiwe ni la Mungu, Mamlaka haijalisajili."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Walinzi wa chuma walimgeukia Bi. Koku wakisubiri amri. Yeye alikuwa analitazama jabali.

"Wataumia, dada," alisema taratibu.

"Wewe uliumia?"

Bi. Koku hakutoa amri.

Nyanzala akamwonyesha Maduhu kidole, na wimbo wa tisa ukaanza.

Haukuwa na beti. Lugwisha alishika noti moja nzito na kuiburuza, Maduhu alipiga kama mtu anayegonga ukuta kutoka ndani, na Nyanzala aliita. Aliita majina ambayo mdogo wake angeyaita: la mama, lake yeye, la kila mwenzake wa zamu aliyetajwa kwenye ripoti. Dakika ya nne watu walianza kunyanyuka jiweni na kukimbia. Dakika ya sita mzee mmoja alitapika. Waliobaki walikuwa wanalia, na hawakujua wafanye nini na kilio, maana hawakukizoea. Dakika ya tisa sauti ya Nyanzala ilipasuka na akaendelea nayo hivyo hivyo, imepasuka, hadi mwisho.

Mwanamume mmoja wa makamo alikuwa amepiga magoti, bado paji la uso lipo jiweni. Alipoinuka alimtazama Nyanzala.

"Umeniita," mwanamume alisema. "Bundala. Umeita Bundala. Ni mimi."

Nyanzala alilijua jina. Alikuwa amelisoma mara elfu. Miaka miwili alikuwa anajiandaa kumwambia mtu huyu maneno.

"Mlisema hamkusikia," alifoka kwa sauti iliyokauka.

"Tulisema hatukusikia jambo la kutisha." Bundala alijifuta uso kwa kiganja. "Shija nilimsikia, dada. Nilimsikia vizuri sana. Nilisikia anaimba. Na sisi Wasukuma kazi tunaifanya kwa wimbo, mmoja anaanzisha, wengine tunapokea. Nikawaambia wenzangu, leo Shija amefurahi, hebu msikieni. Tukampokea." Alijilazimisha kumaliza. "Muda wote ule. Yeye anaita, sisi tunaitikia. Aliponyamaza nikasema amechoka, tupumzike."

Nyanzala alikuwa ameamini kwamba mdogo wake alikufa peke yake, na aliwahi kufikiri hakuna kitu kibaya kuliko hicho. Kumbe alikufa akiwasikia rafiki zake hatua kumi, wakimwimbia. Alimshika Bundala ukosi wa shati kwa mikono miwili. Maduhu aliacha ngoma akaja mbio, akidhani atamuua. Bi. Koku alikuwa amekaa chini, kiganja juu ya jiwe, karatasi ya agizo imemdondoka.

Nyanzala hakumpiga Bundala. Alimburuza mpaka kwenye maikrofoni.

"Sasa piga yowe," alisema.

"Dada, mimi..."

"Kwa wazee wetu mtu akipiga yowe hakuna anayeuliza. Unaacha ulichoshika unakimbilia. Hilo yowe Shija alilipiga, mkalifanya wimbo. Lipige wewe. Lipige likafike kwenye kila sakafu ya mlima huu, na wakija kutufunga watufunge koo zikiwa wazi!"

Bundala alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano ambaye hakuwahi kupaza sauti maishani mwake. Alifumba macho. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu. Mara ya pili ikatoka sauti ndogo. Mara ya tatu alipiga yowe, na lile jabali likalibeba likashuka nalo mlimani, chini ya nyumba, chini ya vitanda, chini ya meza za watu waliokuwa wameegemea viwiko.

Alipiga la pili. Alipiga la tatu. Bi. Koku alikuwa wa kwanza kugeuka kutazama chini, naye akasimama na kuwaambia walinzi wake wa chuma wapishe njia.

Milango ilikuwa inafunguka mlima mzima. Watu walikuwa wanatoka mbio wakipanda kwa kuparamia mawe, mama mmoja na mwiko wenye ugali, fundi cherehani na futi shingoni, kijana kavaa kiatu kimoja, na wote walikuwa wanauliza kwa sauti, "Wapi? Ni nani? Yuko wapi?" Na wengi wao, bila kuambiwa na mtu, walikuwa wamebeba masepeto.